Dozi Moja na Kurudishwa Nyumbani: Je, Daktari Amempuuza Mtoto?

Saa zimeshageuzwa, giza linaingia London kabla hata chakula cha jioni hakijabandikwa, na watoto wa nasari wameanza kuambukizana mafua kama wanavyogawana vitu vya kuchezea. Huu ndio msimu ambao mzazi huamka saa nane usiku akasikia mtoto anakohoa sauti asiyoifahamu: kavu, nzito, kama mbwa anayebweka chumba cha pili.

Ugonjwa wenyewe Waingereza wanauita croup. Sisi hapa tutauandika krupu, kama unavyotamkwa. Dalili zake na tiba yake tutazieleza, lakini leo nataka twende mbele kidogo, kwenye swali ambalo wazazi wengi hujiuliza wakiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani: je, daktari amefanya inavyotakiwa?

Wapo wanaolalamika kwamba wamekaa A&E saa nne nzima, mtoto akapewa dawa kidogo mdomoni, akatazamwa, kisha wakaambiwa nendeni nyumbani. Hakuna antibayotiki, hakuna dawa ya kikohozi, hakuna eksirei. "Ingekuwa kwetu," wanasema, "tungetoka na mfuko mzima wa dawa." Na wapo ambao hawakupewa hata hiyo dawa kidogo. Waliambiwa ni virusi tu, mpeni maji, itapita.

Kati ya hawa wawili, nani ana sababu ya kulalamika? Ukifuata mwongozo wa tiba, aliyepewa dozi moja akarudishwa nyumbani huenda ametibiwa sawasawa kabisa. Aliyetoka mikono mitupu ndiye anayepaswa kurudi kuuliza.

Krupu ni nini hasa

Krupu husababishwa na virusi, mara nyingi vile vinavyoitwa parainfluenza. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, ingawa mtoto wa miaka mitano au sita naye anaweza kuupata. Huanza kama mafua ya kawaida kwa siku moja au mbili. Kisha sehemu ya koo inayotoa sauti, na njia ya hewa iliyo chini yake, huvimba. Ndipo mtoto anapokauka sauti, anabweka, na pengine anatoa mkwaruzo mkali kila anapovuta pumzi ndani. Hali huzidi usiku na kupungua mchana. Kwa watoto wengi kikohozi hicho hutulia ndani ya siku mbili au tatu.

Kwa nini uvimbe mdogo umsumbue mtoto kiasi hicho? Piga hesabu hii. Chukua mrija wenye upana wa milimita 4. Ukivimba milimita 1 pande zote, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa inabaki robo tu ya ile ya mwanzo. Sasa chukua mrija wa mtu mzima wa milimita 10, uvimbe vilevile milimita 1. Nafasi inayobaki ni karibu theluthi mbili. Ndiyo maana virusi vinavyomkausha baba sauti kwa siku mbili vinaweza kumfanya mwanawe wa mwaka mmoja apiganie pumzi.

Piga 999 mara moja ukiona lolote kati ya haya: mtoto anahangaika kupumua na ngozi inaingia ndani kati ya mbavu au chini yake, amebadilika rangi kuwa na weupe usio wa kawaida au ubuluu, amenyamaza na kulegea kuliko kawaida yake, au anadondokwa na mate, hawezi kumeza na ana homa kali. Mkwaruzo unaosikika hata akiwa ametulia, bila kulia wala kukimbia, nao si wa kungojea asubuhi: mpeleke A&E. Kama huna hakika, piga 111, saa yoyote ya usiku au mchana.

Mwongozo unasema nini

Uingereza ina taasisi inayoitwa NICE, iliyoanzishwa mwaka 1999, ambayo kazi yake ni kupitia utafiti na kuwaambia madaktari ni tiba ipi imethibitika. Kuhusu krupu, muhtasari wake kwa madaktari wa familia ni mfupi. Kila mtoto mwenye krupu, iwe hafifu, ya wastani au kali, apewe dozi moja ya steroidi iitwayo deksamethasoni kwa mdomo, miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito wake. Kama deksamethasoni haipo, prednisoloni inaweza kutumika badala yake. Mwenye krupu ya wastani au kali apelekwe hospitali, na akiwa na hali mbaya hupewa adrenalini kwa mashine ya kuvuta dawa kwa pumzi, kisha akaangaliwa kwa saa kadhaa, kwa sababu nguvu ya adrenalini huisha upesi.

Mtoto wa kilo 12 kwa hesabu hiyo anapata miligramu 1.8. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 2 katika kila mililita 5, hiyo haijai hata kijiko kimoja cha chai. Ndiyo maana mzazi anaona kama mtoto wake hakupewa kitu! Lakini hicho kidogo ndicho dawa yenyewe. (Usijaribu kumpimia mwenyewe nyumbani. Chupa za dawa hii hutofautiana nguvu, na aliyemwona mtoto ndiye anayepaswa kukadiria.)

Ushahidi nyuma ya dozi hiyo ni mzito. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 yalikusanya majaribio 43 yenye watoto 4,565. Yalionyesha kwamba steroidi hupunguza dalili ndani ya saa mbili, hufupisha muda wa kukaa hospitali na hupunguza idadi ya watoto wanaolazimika kurudi.

Vipi mtoto ambaye krupu yake ni hafifu, anayebweka tu lakini anacheza? Swali hilo lilipata jibu Kanada mwaka 2004. Watoto 720 wenye krupu hafifu waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa deksamethasoni na wengine dawa bandia. Kati ya waliopewa dawa bandia, takriban 15 katika kila 100 walilazimika kutafuta tena matibabu ndani ya siku saba. Kwa waliopewa deksamethasoni walikuwa 7. Usingizi wao nao ulikuwa bora zaidi, na wasiwasi wa wazazi ulikuwa mdogo.

Wengi wenu mna ndugu wauguzi au madaktari nyumbani, na huenda mkasikia dozi tofauti. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kutibia watoto hospitalini, kinachotumika sana Afrika Mashariki, kinataja miligramu 0.6 kwa kilo, mara nne ya dozi ya Uingereza. Msidhani mmoja amekosea. Utafiti wa Perth, Australia, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watoto 1,252, ulilinganisha dozi hizo mbili pamoja na prednisoloni, na haukukuta tofauti ya maana katika kupona kwao. Mkienda likizo Dar es Salaam au Mombasa na mtoto akaugua huko, kinachohitajika ni kwamba steroidi ipatikane mapema.

Yapo pia mambo ambayo mwongozo hauyataki. Antibayotiki haiui virusi, kwa hiyo haina kazi kwenye krupu ya kawaida. Eksirei ya shingo si jambo la kila mtoto. Kumlazimisha mtoto apanue kinywa na kumbana ulimi kwa kijiti kunaweza kumliza, na kulia kunazidi kubana njia ya hewa. Daktari anayemwacha mtoto mapajani mwa mama yake, akamsikiliza kwa utulivu bila kumgusa koo, hajafanya kazi nusu. Amefanya kazi yake vizuri.

Kwa nini baadhi ya madaktari hawaufuati

Kama mambo ni mepesi hivi, kwa nini wengine hutoka bila dozi? Tatizo hili ni pana kuliko krupu, na pana kuliko Uingereza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipima huduma ya watoto katika miji 12 na kukuta kwamba walipata asilimia 46.5 tu ya yale yaliyopendekezwa. Australia, mwaka 2018, walipima magonjwa 17 ya utotoni, na miongozo ilikuwa imefuatwa kwa takriban asilimia 60. Kwa magonjwa ya matonsili ilikuwa chini ya nusu. Hizi ni nchi tajiri, zenye madaktari waliosoma. Kwa hiyo usishangae kwamba mtoto mmoja Newham anapewa kitu kimoja, na mwenzake Brent anapewa kingine.

Kwa krupu, sababu ziko kadhaa. Ya kwanza ni saa. Krupu hutisha usiku, lakini GP anamwona mtoto saa nne asubuhi, akiwa ameshatulia na anavuta mapazia ya chumba cha daktari. Anayeonekana mzima si rahisi kumpa steroidi.

Ya pili ni mazoea. Kwa miongo mingi madaktari walibishana kama steroidi inasaidia krupu au la. Mwaka 1989 majaribio yaliyokuwepo yalipojumlishwa pamoja, faida ilianza kuonekana wazi, lakini ilikuwa kwa watoto waliolazwa. Ushahidi wa krupu hafifu ulikuja baadaye. Daktari aliyefundishwa kwamba steroidi ni ya waliozidiwa tu anaweza kuendelea hivyo maisha yake yote ya kazi, asipokaa chini kusoma upya.

Ya tatu ni stoo. Si kila kliniki ya GP ina deksamethasoni ya maji kabatini. Daktari anaandika, mzazi anazunguka na pramu kutafuta duka la dawa lililo nayo, na usiku unaingia kabla haijapatikana.

Ya nne ni kuchanganya magonjwa. Krupu hudhaniwa pumu, mtoto akapewa pampu ya salbutamoli. Pampu hiyo hufungua njia ndogo za hewa ndani ya mapafu, wakati uvimbe wa krupu uko juu, kooni. Kipimo rahisi cha mzazi ni hiki: mkwaruzo wa krupu husikika zaidi akivuta pumzi ndani, na mluzi wa pumu husikika zaidi akiitoa nje. Mwambie daktari uliusikia wakati gani.

Sababu ya tano ni sisi wazazi.

Upande wetu

Tuambiane ukweli. Wengi wetu tumelelewa kupima wema wa daktari kwa wingi wa dawa. Aliyekuandikia sindano ni bingwa, aliyekupa ushauri mtupu amekudharau. Tukifika hapa na mtazamo huo, tunamsukuma daktari. Anaona mzazi aliyechoka na mwenye hofu anayedai antibayotiki, anaandika ili amani ipatikane. Hapo mwongozo umevunjwa kwa ombi letu wenyewe, na mtoto anaambulia kuharisha.

Dawa za kikohozi nazo tuziache. Tangu mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Uingereza imeshauri kwamba dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari zisitumike kwa walio chini ya miaka 6. Dawa za kikohozi zenye kodeini haziruhusiwi kabisa kwa walio chini ya miaka 12, kwa sababu zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Ile chupa aliyokuja nayo shangazi kwenye begi, soma maandishi yake kabla hujaifungua. Asali nayo, pamoja na sifa zake zote, haipewi mtoto ambaye hajafikisha mwaka. Akiwa na homa au maumivu, parasetamoli inatosha.

Halafu kuna nyungu. Bibi anapiga simu kutoka Tanga au Malindi: mfukize mtoto, kikohozi kilainike. Hata hospitali za Ulaya na Marekani ziliwahi kuwaweka watoto wa krupu kwenye mahema ya mvuke, kwa hiyo bibi hayuko peke yake. Lakini mwaka 2006 Toronto walijaribu hewa yenye unyevu kwa watoto 140 wenye krupu, na haikuwasaidia. Kilichobaki ni hatari: birika la maji ya moto, blanketi, na mtoto anayerusha mikono. Mwambieni bibi kwa heshima kwamba mtoto anatibiwa, na mumwombe dua badala ya mvuke.

Ukitaka kufanya kitu wakati unasubiri gari, kipo, na London haikosi baridi. Mwaka 2023 madaktari wa Geneva walichapisha utafiti wa watoto 118 waliopewa deksamethasoni. Nusu yao walikaa nje kwenye hewa ya chini ya nyuzi 10 kwa dakika 30, nusu wakabaki ndani. Waliotoka nje walipata nafuu mapema zaidi katika nusu saa ile. Baada ya saa nzima tofauti ilikuwa imefifia, maana dawa ilikuwa imeshaanza kufanya kazi kwa wote. Kwa hiyo mvalishe koti, mpakate, simama naye kwenye baraza au dirisha lililo wazi. Hilo ni la kuvutia muda tu, dawa ni ileile.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Kwetu mtoto akikohoa kwa namna isiyo ya kawaida, wapo wanaosema kimeo kimerefuka, kikatwe. Wengine hungoja likizo ili mtoto apelekwe kwa fundi. Kimeo hakihusiki na krupu hata kidogo, maana uvimbe uko chini yake. Kukikata kumeshaleta kutoka damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda. Asikuzungushe mtu kwenye hilo.

Ngozi yetu na macho ya daktari

Nilitaja kubadilika rangi, na hapo pana jambo linalotuhusu sisi zaidi. Vitabu vingi vya udaktari vimeeleza dalili kwa ngozi nyeupe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe katika chuo cha St George's hapa London, alishirikiana na walimu wake wawili kutoa kitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha jinsi dalili zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Siku hizi hata maelezo ya NHS kuhusu krupu yanasema kwamba kwa ngozi zetu mabadiliko huonekana vizuri zaidi viganjani na kwenye nyayo. Tazama pia ulimi, fizi na ndani ya midomo.

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni nacho kina kasoro yake. Ripoti huru iliyotolewa kwa serikali ya Uingereza mwezi Machi 2024 ilithibitisha kwamba kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa wenye ngozi nyeusi. Na katika krupu, oksijeni hushuka mwishoni, mtoto akiwa ameshachoka. Kwa hiyo namba nzuri isikunyamazishe kama unaona kifua kinabonyea. Wewe ndiye unayeujua uso wa mwanao ulivyo siku zote. Sema: "Hii si rangi yake ya kawaida." Ni maelezo ya kitabibu, usiyaonee haya.

Namna ya kuuliza

Baadhi yetu tunaona kumuuliza daktari ni utovu wa adabu. Hapa si hivyo. Daktari wa Uingereza amezoea kuulizwa, na mwongozo ameandikiwa yeye lakini unasomeka na yeyote. Beba maswali haya manne.

Kwanza: "Je, hii ni krupu, na ni hafifu, ya wastani au kali?" Jibu litakuonyesha kama ameipima.

Pili: "Je, anahitaji dozi ya deksamethasoni?" Kama jibu ni hapana, uliza sababu. Inaweza kuwepo nzuri. Pengine si krupu. Pengine mtoto ana ugonjwa mwingine au anatumia dawa inayodhoofisha kinga. Mwongozo haumfungi daktari mikono. Unamtaka awe na sababu anapouacha, na sababu yenyewe unaweza kuelezwa.

Tatu: "Nikiona nini nirudi usiku huu?" Usitoke bila jibu la hili.

Nne, kama wewe huna usafiri, unakaa mbali, au uko peke yako na watoto watatu, sema. Hayo nayo daktari huyazingatia anapoamua mtoto alazwe au aende nyumbani. Mama anayenyamaza kwa kuona aibu anamnyima daktari habari anayoihitaji.

Kama umemrekodi mtoto kwenye simu akibweka usiku, mwonyeshe. Video ya sekunde 20 inaondoa ile shida ya mtoto aliyetulia asubuhi.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo ni ya bure katika NHS, na unaweza kuiomba tangu unapopiga simu. Usimtwishe mwanao wa miaka kumi kazi ya kutafsiri ugonjwa wa mdogo wake.

Wanafunzi mliokuja na familia, msiogope gharama. Mmeshalipa ada ya afya pamoja na viza, ambayo ilipopandishwa Februari 2024 ilifika pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kiasi hichohicho kwa kila mtoto. Kuonana na GP ni bure kwa kila mtu, matibabu ndani ya A&E ni bure kwa kila mtu, na dawa za cheti kwa walio chini ya miaka 16 ni bure England. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kuonyesha uthibitisho wa anwani wala hati ya ukaazi. Ambaye hajamwandikisha mtoto afanye hivyo wiki hii, kabla ya usiku wenyewe kufika.

Na kama mtoto amelazwa, unaona anazidiwa, na hakuna anayekusikia? Mwaka 2021 Martha Mills, binti wa miaka 13, alifariki baada ya kuugua maambukizi ya damu akiwa amelazwa King's College Hospital hapa London. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao. Uchunguzi wa kisheria ulionyesha kwamba huenda angepona kama angehamishiwa chumba cha uangalizi maalumu mapema. Wazazi hao walipigania jambo, na tangu mwaka 2024 hospitali za England zimeanza kutumia Kanuni ya Martha, inayompa mgonjwa au familia yake nafasi ya kuomba timu nyingine ije kumtazama haraka. Ukifika wodini, uliza: "Kanuni ya Martha hapa inatumikaje?" Namba yake kwa kawaida hubandikwa ukutani.

Chanjo isisahaulike

Zamani mtoto mwenye mkwaruzo kooni alihofiwa pia kuwa na uvimbe wa kidaka tonge unaoletwa na bakteria wa Hib, au dondakoo. Hayo mawili huua haraka na yanahitaji tiba tofauti kabisa, na daktari huyafikiria mapema zaidi kwa mtoto asiyechanjwa. Uingereza ilianza chanjo ya Hib mwaka 1992, Kenya mwaka 2001, Uganda 2002 na Tanzania 2009. Hapa mtoto huipata pamoja na ya dondakoo katika wiki ya 8, ya 12 na ya 16. Kama mmehamia karibuni na kadi ya kliniki imebaki nyumbani, mwombeni ndugu aipige picha aitume. Kama haipatikani, mwambieni GP, atapanga upya ratiba. Pepopunda na kifaduro vimo humohumo.

Basi wapendwa, usiku wa krupu ukifika, mtulizeni mtoto kwanza, maana kilio kinambana zaidi, kisha mtafuteni daktari. Akimpa dozi moja ndogo, akamtazama, akawaeleza dalili za kurudi na kuwaruhusu, mshukuruni mwende mkalale. Asipompa, muulizeni kwa adabu ni kwa nini, na msitoke kabla ya kujibiwa.

Makala hii ni ya kukuelimisha, haichukui nafasi ya aliyemwona mtoto wako. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Wafungieni watoto vizuri makoti yao.